Ushauri: kazi ikigawanywa kwa watafsiri watatu, inarudi na istilahi tatu

Matini_Lengwa:
Wakuu, naomba msaada. Ofisi yetu ni ndogo: watafsiri watatu, mhakiki mmoja, na mratibu ambaye ndiye huyohuyo mwandika ankara. Mezani kuna mwongozo wa pampu za maji, maneno 24,000, Kiingereza kwenda Kiswahili, siku 7 za kazi. Huwa tunakata faili vipande vitatu sawa, kila mtu anachapa chake, siku ya sita mhakiki anaunganisha. Hapo ndipo balaa: "valve" ni valvu, vali na kilango; "pressure" ni shinikizo, kanieneo na msukumo. Tuongeze mhakiki wa pili?

Wino_Mwekundu:
Mhakiki wa pili atawaletea istilahi ya nne, mkuu. Tatizo lenu liko siku ya kwanza.

Siku hiyo asitafsiri mtu. Programu yenu ya tafsiri ichambue faili na kutoa hesabu ya marudio, yaani sentensi zinazojirudia, kisha mtu mmoja apitie mwongozo wote, hasa orodha ya vipuri na maelezo ya michoro, achomoe istilahi. Kwa kazi ya ukubwa huo 80 hadi 120 zinatosha. Ukifikisha 400 hakuna atakayeifungua hiyo orodha. Zile zenye utata, tuseme 20, mpelekeeni mteja siku hiyohiyo. Akikaa kimya, mwandikieni mtakazotumia, msonge mbele.

Nukta_Pacha:
Naongeza: kila istilahi iandikwe pamoja na ngeli yake. Mhakiki akikuta "Kilango hiki kikivuja, kibadilishwe" na akaamua neno ni valvu, akitumia amri ya kutafuta na kubadilisha anapata "Valvu hiki kikivuja, kibadilishwe". Nomino imebadilika, vipatanishi vimebaki, na sentensi inayofuata inaweza kuwa na "-ki-" bila nomino yoyote ya kukuonyesha kosa. Kusahihisha neno moja kunakuwa kusoma upya aya nzima. Ndiyo maana mhakiki wenu anakesha, wala si uzembe wake.

Matini_Lengwa:
Nimeelewa. Ila siku nzima bila kutafsiri, siku 7 zitatosha kweli?

Wino_Mwekundu:
Piga hesabu. Tuseme marudio ni maneno 4,000, yanabaki 20,000. Mtafsiri mmoja kwa maneno 2,000 kwa siku ni mwendo wa kawaida. Watatu ni 6,000, kwa hiyo siku ya 2 hadi ya 5 mnamaliza na nafasi inabaki. Mhakiki asingoje siku ya sita. Akienda maneno 1,000 kwa saa, saa 6 kwa siku, maneno yote 24,000 yanamchukua siku 4: anaanza siku ya 3, anamaliza ya 6. Siku ya 7 ni ya mpangilio wa kurasa na ukaguzi wa mwisho.

Na jambo la kwanza analosoma siku ya 3 liwe maneno 500 ya kila mtafsiri, maoni yarudi kabla ya mchana. Kosa likikamatwa hapo linasahihishwa mara moja, likiachwa hadi mwisho linasahihishwa mara arobaini.

Msikate vipande sawa pia. Kateni kwa sura: anayepewa sura ya kufunga pampu mahali pake apewe yote.

Bi_Faharasa:
Wanangu, kuna mtego mwingine: kumbukumbu ya tafsiri, yaani hifadhi ambamo programu hutunza kila sentensi na tafsiri yake ili iirudishe ikikutana nayo tena. Sentensi ambazo hazijahakikiwa zisiingie kwenye kumbukumbu kuu. Tengenezeni ya muda kwa kazi hii, wote watatu waione, na mkishakabidhi ndipo mhamishe zilizosahihishwa. La sivyo kosa la leo litarudi kazi ijayo na alama ya asilimia 100, yaani sentensi inafanana kabisa na ya zamani, na sentensi yenye alama hiyo watu huiruka.

Wasiiruke. "Close it" baada ya valvu ni "Ifunge", baada ya kifuniko ni "Kifunge". Programu inaona Kiingereza kilekile inakurudishia "Ifunge" kote. Marudio mteja hulipia kidogo, sawa, lakini macho lazima yapite.

Nukta_Pacha:
Na saa! Kiingereza kikisema "8:00 a.m.", tafsiri ni saa 2:00 asubuhi, na programu inayolinganisha tarakimu italia kuwa namba hazilingani. Lakini "every 8 hours" ni kila baada ya saa 8, hapo hakibadiliki kitu. Mtu akizoea kupuuza king'ora cha kwanza atakipuuza na kile cha shinikizo la bar 6 lililoandikwa 60. Kwa hiyo ving'ora hivyo avipitie mratibu, kimoja kimoja, akiwa na faili la Kiingereza wazi pembeni.

Matini_Lengwa:
Mratibu ndiye anayeandika ankara...

Bi_Faharasa:
Ankara ingoje siku ya 8, mwanangu.