Naombeni ushauri: naanzaje kukunja karatasi zile za maumbo yanayojirudia?

Kijana wa Mwanga
Wakuu, heshima yenu. Nipo Kigoma mjini, Mwanga. Nimevutiwa na origami za Kijapani, ila si ndege wala boti. Ni zile wanazoita teselesheni: karatasi moja, haikatwi wala haigundishwi, ukiikunja inatoa maua na nyota zinazofuatana kama vigae vya sakafu. Naangalia video usiku wa manane bando likiwa rahisi. Mistari naipiga vizuri, nikifika pale pa kuzungusha katikati karatasi inajikunyata kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Nusu rimu imeshaenda. Nianze na karatasi gani, mchoro upi, na mtu mwenye bidii anaiva kwa muda gani? Majibu ya haraka kidogo tafadhali.

Nusu Shilingi
Ngoja waje wanaokunja. Mimi nakunja mashati tu, na hayo nayo mke anayarudia.

Bangwe Kwetu
Kijana una ziwa mbele yako, una migebuka, una mawese, unakaa kukunja karatasi? Shuka Kibirizi alfajiri uone wenzako wanavyopakia dagaa. Tafuta mtaji uingie huko. Karatasi haijawahi kumlisha mtu.

Mwalimu wa Isevya
Nipo Tabora, nimestaafu kufundisha hisabati, na haya makaratasi ndiyo yananiweka macho. Nikujibu ulichouliza.

Achana kwanza na nyota. Nyota zinataka gridi ya pembetatu, na ukigawa pembesita sehemu 32 hiyo ni mistari 31 kwa kila mwelekeo, mielekeo mitatu, jumla 93, kabla hujaanza chochote. Chukua A4, toa mraba wa sentimita 21. Kunja nusu, kingo zije katikati, kisha ugawe tena mpaka upate sehemu 8. Geuza ufanye upande wa pili. Kila mstari ukunje mbele na nyuma, uwe tayari kwenda kokote utakakoitwa.

Halafu ukunje mzunguko wa mraba mmoja tu. Bana marinda manne, kila moja likielekea ukingo wake kama mapanga ya feni, shika katikati kwa vidole viwili uzungushe kama unayefungua kifuniko cha chupa, ndipo ubonyeze. Kinachokushinda nadhani ni hiki: kwenye kila kona ya ule mraba wa katikati inakutana mikunjo minne. Mitatu ikiwa mlima, yaani mkunjo unaotokeza juu, mmoja lazima uwe bonde, yaani unaozama chini. Ukipata miwili kwa miwili, hata uikalie haitalala.

Karatasi ya gramu 80 inafaa kujifunzia, ila ukiitesa sana inatoboka pale mistari inapokatana. Kazi yenyewe tumia kaki nyembamba. Manila usiiguse, ni nene. Na huko kwenu msimu wa mvua karatasi inavuta unyevu, ifungie kwenye nailoni.

Sasa na mimi nikuulize. Haraka ya nini?

Kijana wa Mwanga
Shikamoo mwalimu. Haraka ya kawaida tu. Kuna kashughuli.

Kondakta Mstaafu
Kashughuli gani? Mtu hajifunzi origami kwa kukimbizwa. Sema yote tukushauri.

Kijana wa Mwanga
Haya. Kuna sendofu Ujiji tarehe 28. Shangazi wa bibi harusi aliona picha kwenye stetasi yangu, ukuta wa karatasi zilizokunjwa nyuma ya meza kuu, taa zikipita kwa nyuma. Akauliza kama naweza. Nikamwambia naweza. Ukuta ni mita 3 kwa 2, tumeelewana laki tatu, kanipa kianzio laki moja na themanini.

Kabla hamjanirukia: sikusema nimekunja mimi. Niliandika "kazi safi" na kikatuni cha moto. Yeye ndiye aliyejijazia.

Kondakta Mstaafu
Kianzio kipo?

Kijana wa Mwanga
Kipo kwa maana ya kwamba nimelipa kodi ya chumba. Lakini mwenye nyumba ni mtu wangu.

Dada wa Gungu
Huo ni utapeli, usiuvalishe kilemba. Mama wa watu ana binti mmoja, kamati imechangishana, wewe unamuuzia picha ya mtu wa Ulaya huko. Mcheni Mungu vijana.

Kijana wa Mwanga
Dada, tapeli hajifunzi. Mimi najifunza.

Kondakta Mstaafu
Mnanikumbusha fundi mmoja wa mitumbwi aliyekula hela ya baba mdogo. Kila tukienda anatuonyesha ubao uleule, ameugeuza upande tu. Msimu ukapita, baba mdogo akaishia kusimama ufukweni anahesabu taa za wenzake ziwani usiku. Mwaka uliofuata fundi akaleta mtumbwi, mzuri kweli, mpaka leo unaelea. Sijui kwa nini nimekumbuka hili. Endeleeni.

Mwalimu wa Isevya
Mita 3 kwa 2 ni mita za mraba 6. Hesabu ya karatasi uliipiga ikiwa bapa au ikiwa imekunjwa?

Kijana wa Mwanga
Bapa.

Mwalimu wa Isevya
Basi imekufa. Marinda yanakula karatasi. Kwa michoro ninayokunja mimi, kipande cha sentimita 60 kikimaliza kinabaki kama 35. Ukuta wako unataka vipande 49 vya namna hiyo, na karatasi karibu mara tatu ya ulivyofikiri. Mimi kipande kimoja nakaa nacho jioni mbili, na mikono yangu ina miaka 11 kwenye kazi hii. Leo ni tarehe 11.

Bangwe Kwetu
Nilisema dagaa.

Mzee wa Chai
Samahani wakuu, nimesoma uzi mzima. Hii ni chai ya rangi, hata tangawizi haina. Kwanza kapenda sanaa, mara kuna kashughuli, mara sendofu, mara hela imeliwa. Kesho atatuambia bibi harusi alikuwa wake. Halafu huyo mwalimu anatokea na majibu yote mkononi. Ni mtu mmoja mwenye akaunti mbili, anajiuliza na kujijibu. Tabora ninayoijua ni ya maembe na asali, haya mambo ya milima na mabonde ya karatasi yalifikaje?

Nusu Shilingi
Hahaha nasogeza kigoda. Hata mimi "mwenye nyumba ni mtu wangu" ilinishtua, sijawahi kumwona mwenye nyumba wa hivyo.

Mwalimu wa Isevya
Yalifika na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani tuliyekuwa naye ofisi moja. Aliniachia nakala za michoro ya Shuzo Fujimoto, ambaye miaka ya 1970 alikuwa tayari akikunja mizunguko hii, naye alikuwa mwalimu wa sekondari kama mimi. Na mnaodhani ni mchezo wa watoto, Mjapani mwingine, Koryo Miura, alibuni mkunjo wa kufunga na kufungua kwa mvuto mmoja. Ukajaribiwa kwenye paneli ya jua ya chombo Space Flyer Unit kilichorushwa angani 1995. Asali pia tunayo, karibuni.

Mzee wa Chai
Maneno. Mleta mada alete picha ya alichoharibu. Si ya intaneti.

Kijana wa Mwanga
Hiyo hapo. Msinicheke.

Mwalimu wa Isevya
Nimeikuza. Mistari ameipima kwa rula badala ya kugawa nusu kwa nusu. Angalieni miraba ya kulia ilivyonenepa kuliko ya kushoto, kosa la milimita limejilimbikiza mpaka ukingoni. Kona ya chini ina milima miwili na mabonde mawili, ndiyo maana katikati pamevimba. Na mstari mmoja umekunjwa mara nyingi hadi karatasi imeota manyoya. Mtu hawezi kutunga makosa ya namna hii, mzee wangu. Huyu amekesha nayo.

Dada wa Gungu
Na doa la mawese pembeni.

Mzee wa Chai
Doa nimelikubali. Mwalimu bado namchunguza.

Mwalimu wa Isevya
Nichunguze. Kijana, mpigie shangazi leo. Mwambie ukuta hauwezekani, utamtengenezea vipande vinne vya kuzunguka taa za meza kuu, na salio asikupe. Hivyo vinne nitakusimamia kwa picha, hatua kwa hatua.

Kijana wa Mwanga
Mwalimu nakuelewa, ila nikimpigia atataka hela yake. Nimewaza nitafute vijana watatu niwafundishe.

Kondakta Mstaafu
Uwafundishe nini?

Kijana wa Mwanga
Mwalimu!! Nimegawa nusu kwa nusu, tatu mlima mmoja bonde. Umelala! Umelala bapa kabisa, nimeuweka chini ya sahani na haujainuka. Shangazi nitampigia kesho asubuhi, simu yake ya usiku hushikwa na mumewe. Bado 48.

Nusu Shilingi
Bado 49. Hicho ni cha A4.