Johannesburg au Kakamega: tuende wapi kuona mji wa dhahabu?

Kisauni_Boy: Salaam aleikum. Nina likizo ya wiki moja na nimeahidi nyumbani kwamba safari hii si Malindi tena. Nataka tuone mji uliozaliwa na dhahabu. Nimebaki na miwili, Johannesburg na Kakamega. Mwaonaje?

MamaKibokoni: Mwezi gani? Na nani? Una kiasi gani mfukoni? Wataka fundi akukatie kanzu na kipimo hujampa.

Baharia63: Johannesburg, usijisumbue kufikiri. Dhahabu ilionekana shamba la Langlaagte mwaka 1886, na mwaka huohuo mji ukaanza. Gold Reef City, bustani ya burudani, imejengwa penye mgodi wa kweli, mwashushwa chini ya ardhi na kofia zenu. Makumbusho ya Apartheid yako papo hapo jirani. Viza hatuulizwi tangu 2023, wakaa hadi siku 90 kwa mwaka.

Mluhya_wa_Bamburi: Ndugu yangu, ya kwetu mwaiacha kwa nini? Kakamega dhahabu ilipatikana 1931, Wazungu wakamiminika. Wenyeji walikuwa wameahidiwa kwa sheria ya 1930 kwamba ardhi yao ikichukuliwa watapewa nyingine. 1932 sheria ikageuzwa haraka haraka, wachimbaji wapite. Mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952 lakini mtaa bado una jina hilo, na vijana wanachimba hadi leo kwa sururu. Halafu kuna msitu, kuna jiwe la Ilesi linalotoa machozi, na kuku wa kwetu.

Baharia63: Kuku hata Mwembe Tayari wako.

Kisauni_Boy: Samahani. Ni Agosti, mimi, mke na kijana wa miaka 9. Bajeti tutajua tukishajua tuendako.

MamaKibokoni: Hilo si jibu, mwanangu.

BintiMvita: Kaka, nikwambie yaliyonipata Johannesburg, mwezi wa saba. Mimi mtoto wa pwani nilibeba madera na leso mbili. Sikujua mji ule uko karibu mita 1,750 juu ya bahari na kwao huo ndio msimu wa baridi. Nilipolala hapakuwa na hita, nililala na viatu! Kisha kuna mtu alijiita mwongoza watalii, akachukua pesa zote kwanza, eti atatushusha mgodini. Akatuzungusha, akasimamisha gari kando ya kilima cha manjano, ile michanga iliyobaki baada ya kusafishwa dhahabu, akasema "mgodi ndio huu". Tukapiga picha, tukarudishwa. Mama yangu hadi leo akiona kifusi cha ujenzi huniuliza kama hapo pia kuna kiingilio. Lipa getini penyewe. Na msisahau kadi ya homa ya manjano, chanjo ipigwe siku 10 kabla ya safari au zaidi.

Maalim_wa_Zamani: Mwazungumza 1886 kana kwamba dhahabu ilianza hapo. Dhahabu ya bara la Zimbabwe ilishuka bandari ya Sofala ikapita Kilwa, na Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji una neema. Ukitaka dhahabu nenda Kilwa.

Baharia63: Maalim, Kilwa haikuchimba. Ilikuwa dalali.

Maalim_wa_Zamani: Na nani alitajirika, mchimbaji au dalali?

Mluhya_wa_Bamburi: Hapo Maalim umepiga penyewe. Hata Rosterman mchimbaji hakutajirika.

MamaKibokoni: Agosti na mtoto wa miaka 9, mimi ningepanda SGR hadi Nairobi, kisha basi la Kakamega. Lakini huyo kijana mmemuuliza?

Kisauni_Boy: Yeye ataka kushuka mgodini. Mamake ataka duka. BintiMvita, hebu nambie, makoti ya mitumba Kongowea yafunguliwa siku gani?

BintiMvita: Jumanne, uende alfajiri. Lakini kwani mshaamua?