SO2 (gesi ya dioksidi ya salfa) ya volkeno ikishuka ghafla, ni nafuu au hatari?

Mwalimu_Ujiji: Wakuu, nafundisha jiografia kidato cha 5 hapa Kigoma. Volkeno ya Nyiragongo, Kongo (DRC), iko kaskazini yetu, zaidi ya kilomita 350, na wanafunzi wananiuliza: gesi hupimwaje, na ikipungua ndiyo mlima umetulia? Naomba jibu lenye hesabu.

Kipimamoshi: Mwalimu, kupungua peke yake kusikutulize. Pinatubo, Ufilipino, mwaka 1991: katikati ya Mei SO2 ilikuwa tani kama 500 kwa siku, tarehe 28 ikapita 5,000, siku chache baadaye ikaporomoka sana. Magma (mwamba ulioyeyuka) haikuwa imerudi chini. Njia ya gesi ndiyo iliziba. Juni 15 ukalipuka vibaya sana. Tena maji ya ardhini nayo humeza SO2 kabla haijafika juu.

Kupima: spektromita (kifaa cha kuchambua mwanga) ya mwanga wa urujuanimno hufungwa juu ya gari, lenzi ikitazama angani, kisha unapita chini ya moshi ukiukata upande hadi upande. Kabla ya kuingia, soma anga safi, halafu soma tena lenzi ikiwa imefunikwa. SO2 yote uliyoikata unaizidisha kwa kasi ya upepo, na hapo ndipo wengi huharibu. Moshi ukienda mita 8 kwa sekunde nawe ukaandika 5 kwa sababu umepima upepo wa barabarani, umepoteza zaidi ya theluthi ya tani zako.

Sensa_Tabora: Naongezea uwiano wa CO2 (hewa ukaa) kwa SO2. Hewa ukaa huachana na magma ikiwa bado kina kirefu. SO2 hutoka magma ikikaribia juu. Uwiano ukipanda, shuku magma mpya inakuja. Ila toeni kwanza hewa ukaa ya kawaida, iliyopimwa siku hiyohiyo upande upepo unakotokea. Mfano: CO2 620 ppm (sehemu kwa milioni), ya kawaida 420, SO2 50. Uwiano ni 4. Usipotoa, utapata zaidi ya 12 na kuwatisha watu bure. Sensa nazo huliwa na asidi, kwa hiyo zihakikiwe kwa gesi ya kipimo (yenye kiwango kinachojulikana) kabla na baada ya safari.

Mwalimu_Ujiji: Shukrani sana. Na mazuku ya Goma, mji ulio chini ya Nyiragongo?

Kipimamoshi: Ni hewa ukaa itokayo kwenye nyufa. Ni nzito kuliko hewa mara 1.5, hivyo hutuama mabondeni, hasa alfajiri pasipo upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupumua vizuri huku mbuzi au mtoto miguuni pake akizimia. Anayeingia kumwokoa bila mtungi wa hewa huanguka naye. Barakoa ya kuchuja haisaidii.

Na wanafunzi waambie hili: Nyiragongo ilimwaga lava Mei 22, 2021 bila dalili za wazi za mapema. Gesi isomwe pamoja na mitetemeko na kuvimba kwa ardhi.