Tupeane uzoefu: bunduki ya kuwindia uliinunua duka kubwa au kwa mzee wa mtaani?

Ndugu zangu mnaoishi Marekani na mnaowinda, salaam. Nimeanzisha mada hii kwa sababu duka dogo la bunduki nililolizoea hapa Minnesota limefungwa, na msimu wa kulungu unaanza mapema Novemba. Nimebaki na maduka makubwa ya barabara kuu, yale ambayo ukitaka kufika kwenye bunduki unapita kwanza kwenye mahema, mashua na viatu vya mvua. Naomba kila mmoja aeleze alinunua wapi na alihudumiwaje. Nianze mwenyewe.

Kijijini kwetu bunduki niliyoijua ni gobore la babu, la kufukuzia nguruwe pori shambani. Nilipopata ukaazi wa kudumu nikaenda duka kubwa, nikapewa fomu namba 4473, ambayo kwa muuzaji yeyote mwenye leseni ya serikali kuu, mkubwa kwa mdogo, ni lazima mnunuzi aijaze mbele yake kabla rekodi zake hazijachunguzwa kwenye mfumo wa FBI ulioanza kazi Novemba 1998. Nilipoandika kuwa mimi ni raia wa Tanzania, kijana wa kaunta aliiacha kalamu, akamwita meneja, meneja akapiga simu makao makuu, na baada ya dakika arobaini za kusimama nikaambiwa nirudi siku nyingine kwa sababu hawakuwa na hakika kama asiye raia anaruhusiwa kununua. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa, mradi asiwe na kizuizi kingine.

Kesho yake nikaenda kwa mzee mwenye lile duka dogo ambalo sasa limefungwa. Aliigeuza kadi yangu ya ukaazi mara moja tu, akaniwekea kidole kwenye kisanduku cha fomu ambamo namba yake huandikwa, na jibu la FBI likarudi kabla sijamaliza kahawa aliyonimiminia. Kisha akaniambia nifumbe macho, niilete bunduki begani, halafu nifumbue. Nilipofumbua, jicho langu halikuwa kwenye mstari wa darubini hata kidogo, ikanibidi nirefushe shingo kama kobe. Akapima kutoka kiwiko changu hadi kwenye kidole cha kufyatulia, akasema kitako kimenizidi inchi moja, akakipeleka nyuma kwenye msumeno, akakikata na kukirudishia kile kipande cha mpira kinachopunguza teke la bunduki. Bei yake ilizidi ya duka kubwa kwa dola 60, lakini kazi ile ya kitako hakunitoza.

Mchangiaji wa Ohio

Kaka, yangu yalinigharimu zaidi ya hizo 60. Nilinunua rifle ya risasi za .308 kwenye duka kubwa kwa punguzo la sikukuu, na aliyeniuzia ni kijana aliyekuwa amehamishwa siku hiyo kutoka upande wa nyavu na ndoana. Nilimwambia waziwazi kwamba nataka kuwinda kulungu, akajibu kwamba hiyo ndiyo yenyewe. Hapa Ohio kulungu haruhusiwi kuwindwa kwa risasi ya aina hiyo, kwa kuwa ganda lake limebanwa shingoni. Rifle ya kulungu ni lazima itumie risasi ambazo ganda lake limenyooka kutoka chini hadi juu, na ruhusa yenyewe ilikuja mwaka 2014 tu, kabla ya hapo watu wakitumia shotigani na magobore. Hayo yote niliyapata kwa mwenye duka dogo, ambaye aliyaweka maganda mawili kwenye meza, moja la .308 na moja la .450 Bushmaster, ambalo limenyooka, akaniambia niyapapase kwa vidole nisikie tofauti. Duka kubwa lilikataa kuirudisha bunduki, kwa maelezo kwamba silaha ikishatoka mlangoni imetoka. Huyu wa duka dogo aliipokea, akaiuza kwa niaba yangu, akakata asilimia yake.

Dada wa Texas

Naona wazee wa mtaani wanasifiwa sana, kwa hiyo niongeze upande wa pili. Niliingia maduka madogo mawili na mume wangu, na yote mawili mwenye duka aliongea na mume wangu, ingawa bastola ilikuwa ya kwangu na pesa zilikuwa kwenye mkoba wangu. Mmoja alinitolea ya rangi ya waridi bila kuniuliza chochote. Kwenye duka kubwa binti wa kaunta aliniuliza mimi, akanitolea tano, akanipa nafasi ya kuzishika zote. Jibu la FBI lilikuja kwamba uchunguzi umecheleweshwa, na ingawa sheria ya serikali kuu inamruhusu muuzaji kuitoa silaha baada ya siku tatu za kazi jibu lisipokuja, wao walisema kwao hawatoi mpaka jibu lije. Nilisubiri siku tisa na sikulalamika.

Mchangiaji wa Kentucky

Tusisahau kwamba maduka makubwa yenyewe ndiyo yaliyorudisha sehemu ya wateja kwa wadogo. Walmart, mojawapo ya maduka hayo, iliacha kuuza bastola mwaka 1993, isipokuwa Alaska. Mwaka 2015 ikaacha rifle za mtindo wa kijeshi, mwaka 2018 ikapandisha umri wa mnunuzi hadi miaka 21, na baada ya mauaji ya El Paso, Texas, ya Agosti 2019, yaliyotokea ndani ya duka lake, ikatangaza kuacha risasi za bastola. Dick's, duka kubwa la vifaa vya michezo, nayo iliziondoa rifle za mtindo wa kijeshi mwaka 2018 baada ya mauaji ya shuleni Parkland, Florida, na mwaka uliofuata ikaondoa idara ya uwindaji katika maduka 125. Mimi naona walifanya vyema. Majirani zangu hapa hawaoni hivyo, nao wakahamishia pesa zao kwa wadogo.

Wadogo nao si malaika. Risasi zilipoadimika mwaka 2020, duka la karibu nami lilipandisha boksi la dola 14 hadi 40 kwa wiki mbili, wakati duka kubwa liliacha bei ileile na kumruhusu kila mtu boksi moja. Shida ni kwamba lile la dola 14 lilikuwa limeisha saa moja asubuhi.

Mwanafunzi, viza ya masomo

Je, mimi naweza kununua?

Mwanzisha mada

Mdogo wangu, kwa viza ya muda kanuni ni hapana, ila kuna misamaha michache, mmojawapo ukiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Usimwulize kijana wa nyavu.

Mmeniuliza faragha kwa nini mzee alifunga. Alisema faida ya bunduki mpya ni ndogo mno, na kwamba kilichokuwa kinamlisha ni matengenezo, bunduki zilizotumika, na ada ya dola 30 aliyotoza kupokea bunduki zilizonunuliwa intaneti, kwa kuwa haziruhusiwi kutumwa moja kwa moja nyumbani kwa mnunuzi. Magoti yalipokataa kusimama, hakupata wa kumrithi. Siku ya mwisho nilimsaidia kufunga maboksi ya vitabu vyake vya mauzo, kwa maana muuzaji akifunga duka ni lazima avipeleke serikalini, Martinsburg, West Virginia. Alikitafuta kitabu cha mwaka wangu, akanifungulia ukurasa wenye jina langu. Alikuwa amelikosea herufi mbili, akazikata kwa mstari mmoja, akaandika jina sahihi juu yake na kutia saini pembeni, kisha akapiga gundi boksi.

Wa Ohio, nitumie jina la mji wa huyo jamaa yako. Sioni tabu kuendesha gari.