Mafundi mnaochomelea mapanga ya feni za malori ya zamani, MTATUUA!

Wakuu nina hasira hapa mpaka mikono inatetemeka, nikikosea kuandika mnisamehe.

Nina Bedford TJ, lile la pua, la marehemu mzee, mpaka leo linabeba mchanga na tofali na halinidai kitu. Mwezi uliopita utingo akaona panga moja la feni lina ufa pale kwenye riveti, nikalipeleka gereji nikamwambia fundi tafuta feni nyingine hata used. Jamaa akacheka, eti "bosi hiki chuma cha Mwingereza, nakupigia weldingi na kiraka juu unasahau". Na ile kava ya feni akaitoa akatupa pembeni, eti inamziba mkono akibadilisha mkanda. Na mimi mjinga nikakubali, nililipa nusu nikaondoka.

Juzi asubuhi tumepaki, boneti iko juu, utingo kamaliza kuongeza maji kwenye rejeta anarudisha dumu, dereva akapiga resi kidogo asikilize injini. PAAA! Panga limekatika palepale kwenye weldingi, limechana rejeta limetokea ubavuni limeingia kwenye mlango wa bajaji iliyokuwa imepaki. Sekunde tano kabla yake utingo alikuwa amesimama hapohapo!! Kijana wa watu ana miaka 19.

Sasa naomba tuelewane. Feni za haya magari ya zamani hazina mambo ya kilachi ya mafuta inayoteleza injini ikiwa baridi, imefungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye puli ya wota pampu, injini ikizunguka na yenyewe inazunguka. Chukua feni yenye upana wa sentimita 50 ncha kwa ncha, ikifika mizunguko 2,500 kwa dakika ncha ya panga inakimbia zaidi ya kilomita 230 kwa saa, basi la mkoani halifiki huko. Na kile kiraka chako fundi, hata kiwe gramu 50 tu, kikikaa sentimita 10 kutoka katikati kwa mzunguko huo kinavuta kama mzigo wa kilo 35 upande mmoja, kila mzunguko, siku nzima, ndo maana beringi ya wota pampu ilianza kulia wiki ya pili nikadhani ni mkanda umekazwa sana. Halafu bati la feni ukilichoma moto kando ya weldingi panakuwa pagumu kama biskuti, ufa unaanza upya hapohapo. Panga likishapata ufa feni nzima inatolewa, hakuna cha kunyoosha wala kuchomelea.

Na ile kava mnayoitupa haikuwekwa kama pambo, inafanya feni ivute hewa kupitia rejeta badala ya kuzungusha joto lilelile la injini, na inakinga mkono wako usiingie. Mnaitoa halafu lori likichemsha mnasema tuchomoe thamostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Aisee.

Lingine, nyie mnaotegesha tapeti (nafasi za valvu) kwa kuzungusha injini kwa kushika feni huku swichi imeachwa on na mtoto kakaa kwenye usukani anachezea stata, nyie ndo mnaitwa mafundi wazoefu?? Nawajua wazee wawili hawana vidole na wote wanasimulia huku wanacheka. Na mashati ya mikono mirefu yamening'inia juu ya mkanda unaozunguka, sijui hata niseme nini.

Ukisikiliza injini ya zamani simama kwa pembeni nyuma ya feni, usisimame usawa wa mapanga, yakitoka yanatoka kwa ubavu. Hili nilifundishwa na mzee nikiwa darasa la tano, nikalisahau mpaka juzi.

Rejeta imekufa, wota pampu imekufa, bajaji ya watu nalipa mimi. Mwenye feni nzima ya TJ isiyoguswa na weldingi aje PM, nalipa cash.

Yule fundi nimempigia hapokei, ila leo asubuhi kanitumia meseji anadai ile nusu ya weldingi iliyobaki.