Nataka kugoma kulipa kodi kupinga uonevu wa serikali, nishaurini kabla sijaingia

Seremala Mkaidi
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa watu wazima, si wa kunipandisha jazba. Nina karakana ya useremala na vijana kadhaa niliowaajiri. Kodi nalipa, ritani napeleka kwa wakati. Safari hii mkono umekuwa mzito. Watu wanakamatwa kwa kusema tu, na mabomu ya machozi wanayopigwa yanatokana na hela zetu. Barua ya makadirio iko mezani, nimeigandamiza na randa isipeperuke. Nawaza nisilipe, na niwaandikie kabisa kwamba silipi na sababu ni hii. Kuna waliowahi kugoma hivi wakafanikiwa? Na nijiandae na nini? Wa "kodi ni uzalendo" mpite kimya tafadhali.

Jicho Kavu
Sema tu biashara imekuwa ngumu mkuu. Nawajua wengi ambao msimamo wao wa kisiasa huwajia mwezi wa ritani.

Seremala Mkaidi
Jicho Kavu, ningetaka kukwepa ningeuliza hadharani? Ningepunguza mauzo kwenye vitabu nikanyamaza kama wengine.

Mama Leja
Nimefanya uhasibu muda mrefu, nikueleze yanayokwenda kutokea.

Kwanza tenga hela iliyo yako na isiyo yako. Kodi uliyowakata vijana kwenye mshahara, na ile ya ongezeko la thamani uliyowatoza wateja, wewe ni mpitishaji tu. Ukiishikilia hiyo hujagoma, umekula hela ya watu, na kesi yake ni mbaya. Unachoweza kugomea ni kodi ya mapato yako mwenyewe. Ritani upeleke, tena ijaze kwa ukweli mpaka senti ya mwisho. Ukidanganya humo, hata waliokuunga mkono watakuita mwizi.

Baada ya hapo ni barua ya kukumbusha, faini, na riba inayopanda wewe umelala. Kisha benki inapewa agizo la kukata. Unakwenda kutoa hela ya mbao, unaambiwa akaunti haina kitu. Ikibaki deni, afisa anaingia karakana na kalamu yake: msumeno wa meza, randa ya umeme, drili, anasoma namba ya kila mashine na kuandika. Habari za mabomu ya machozi hatakuuliza. Utaratibu unatofautiana nchi na nchi, ila mkondo ni huohuo.

Mzee Kumbukumbu
Swali la kama kuna waliofanikiwa halijajibiwa. Wapo. Bardoli, India, mwaka 1928: serikali ya kikoloni ilipandisha ushuru wa ardhi kwa asilimia 22, wakulima wakiongozwa na Vallabhbhai Patel wakakataa kulipa. Walijifungia ndani na mifugo yao ili wakamataji wasipate cha kuchukua. Mwishoni uchunguzi ulifanyika, ongezeko likashushwa hadi asilimia 6 na kitu, na ardhi zilizotaifishwa zikarudi kwa wenyewe.

Uingereza nako, kodi ya kichwa ya Waziri Mkuu Margaret Thatcher ilianza Uskoti mwaka 1989, mwaka uliofuata ikaingia England na Wales. Mamilioni hawakulipa, mahakama zikalemewa na kesi. Thatcher aliondoka madarakani Novemba 1990, na mwaka 1993 kodi yenyewe ikafutwa na nyingine kuwekwa.

Lakini angalia vizuri: kote huko ni umati, na waligomea kodi moja inayojulikana, si kodi zote kwa mpigo.

Jicho Kavu
Mzee anakupa za ushindi tu. Beit Sahour, Palestina, 1989: mji mzima uligoma kulipa kodi kwa jeshi la Israeli. Jeshi likauzingira kwa wiki kadhaa, likabeba samani, mashine na bidhaa za watu. Hao walikuwa umoja kwelikweli. Wewe uko peke yako na randa.

Bi Shughuli
Na kukamatiwa mali nako kunaweza kuwa sehemu ya mgomo. Wanawake wa Uingereza waliokuwa wanadai kura walikuwa na jumuiya ya kugomea kodi kuanzia 1909, hoja yao ikiwa kwamba asiye na kura hadaiwi kodi. Sophia Duleep Singh alikamatiwa pete ya almasi, ikapigwa mnada. Mwenzake akainunua palepale akamrudishia! Minada ile waliigeuza mikutano ya hadhara. Sasa kaka yangu, siku mashine zako zinanadiwa, nani atakuja kusimama nawe? Kama huna jina hata moja la kutaja, anza na hilo.

Seremala Mkaidi
Bi Shughuli umenigusa. Kwenye umoja wetu wa mafundi wanalalamika wote, ila wa kusimama sidhani kama nitawapata haraka. Je, mahakamani? Nikisema dhamiri yangu hainiruhusu?

Mama Leja
Usitegemee. Marekani kuna kesi ya 1982 ya Edwin Lee, Muamishi (dhehebu la Kikristo linaloishi maisha ya kizamani), naye alikuwa na karakana ya useremala kama wewe. Alikataa kulipa kodi ya hifadhi ya jamii ya wafanyakazi wake kwa sababu ya imani. Majaji wa Mahakama ya Juu wote walimkatalia, wakasema mfumo wa kodi hauwezi kwenda ikiwa kila mtu ataupinga kwa sababu ya matumizi yasiyoendana na imani yake.

Mzee Kumbukumbu
Mwandishi wa Marekani, Henry David Thoreau, alikaa jela usiku mmoja tu mwaka 1846, kwa kugomea kodi ya kichwa akipinga utumwa na vita vya Mexico. Mtu akamlipia, yeye akakasirika. Ila kodi ya barabara alikuwa analipa. Alichagua ya kugomea.

Seremala Mkaidi
Basi ya vijana na ya wateja naipeleka wiki hii, hiyo haina mjadala. Hii yangu nitaishikilia mpaka nikae na wenzangu wa umoja. Tukipatikana wachache, je, tuziweke hela pamoja mahali?

Mama Leja
Akaunti moja, watia saini watatu, hela iwepo yote ili mtu asiseme mmeitafuna. Na mjue benki ikipata agizo hata hiyo inakatwa. Barua yenu ya kugoma pelekeni nakala mbili, ya kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Tarehe ya mwisho ya kulipa ni lini?