Naombeni ushauri: nisaini tena na wakala au nitafute shule mwenyewe? (Nafundisha Kiingereza Thailand)

Wakuu, salaam.

Mimi ni mwalimu, mwenyeji wa Iringa. Huu ni mwaka wa pili nafundisha Kiingereza shule ya msingi Khon Kaen, kaskazini mashariki mwa Thailand. Kazi naipenda, niliseme hilo mapema. Saa mbili asubuhi bendera inapanda, watoto wanaimba wimbo wa taifa, kisha wananipitia mmojammoja viganja vimekutana kifuani, wanainamisha kichwa kunisalimia. Siwezi kuzoea heshima ile.

Tatizo ni mkataba. Aliyeniajiri ni wakala, si shule, na mkataba wenyewe ni wa miezi 10. Masomo yanafungwa Machi, yanafunguliwa katikati ya Mei, na muda huo wote silipwi. Mwaka jana nilikula akiba yote, nikashindwa kumtumia mama hela ya dawa za presha. Halafu napata baht (pesa ya hapa) 23,000 kwa mwezi, wakati mwenzangu wa darasa la jirani, Mwingereza mwenye shahada ya biashara, anapata 32,000. Mimi nimesomea ualimu. Nilipouliza, nikaambiwa wazazi wanapenda mwalimu aliyezaliwa na lugha hiyo.

Linaniuma kwa sababu najua ninachowapa watoto hawa. Wathai saa moja usiku wanaiita nueng thum, yaani moja ya usiku, na saa mbili ni song thum. Kama sisi kabisa! Siku ya kufundisha saa kwa Kiingereza, darasa zima lilikwama pale pale nilipokwama mimi nikiwa darasa la nne: moja imekuwaje saba? Nilichora saa mbili ubaoni, ya kwao na ya Kiingereza, nikawaonyesha hesabu inavyoanza mahali tofauti. Kipindi hakijaisha walikuwa wanaulizana wenyewe.

Sasa wakala anataka nisaini kabla ya Ijumaa ijayo. Kuna shule nyingine hapa mjini inaajiri yenyewe, miezi 12. Naogopa viza. Nifanyeje?

Pwani_Bangkok:
Dadangu, pole. Kibali cha kazi kimefungwa kwa mwajiri. Siku ajira inapokoma, na ruhusa yako ya kukaa inakoma. Kwa hiyo usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujashika mkataba wa shule mpya mkononi. Wapange tarehe zifuatane, huku wakala anafuta kibali cha zamani, kule shule inafungua kipya. Ikishindikana itabidi utoke nchini uombe upya viza ya Non-B, ile ya kazi. Wa huko kwenu wengi huvuka daraja la Nong Khai kwenda Vientiane, lakini ulizia kwanza masharti ya Laos kwa pasipoti yetu. Na shule mpya ikuombee tena ruhusa ya kufundisha kwa Baraza la Walimu. Waulize kama wamewahi kumfanyia hivyo Mwafrika, jibu lao litakuambia mengi.

Kipanga77:
Mimi nasema saini. Usiache mbachao kwa msala upitao. Niliacha kazi Hai Phong, Vietnam, kwa ahadi ya mdomo, nikakaa miezi mitatu bila kipindi hata kimoja. Kodi ya nyumba haikungoja.

Mwl_Chekechea:
Kipanga nakuelewa, ila wewe uliacha kwa ahadi, yeye anauliza kabla ya kuacha. Dada, mwombe wakala wiki mbili zaidi, kwa maandishi na kwa upole. Hapa ukipandisha sauti mazungumzo yamekufa. Wiki hizo nenda kule, uombe somo la majaribio, na ufundishe SAA. Usiwaeleze kwamba wewe ni bora kuliko nani, waonyeshe zile saa mbili ubaoni. Ukifika kwenye mshahara, usishuke chini ya 28,000, na uwaulize likizo ya Aprili inalipwaje. Wakikubali lakini hawaandiki, basi rudi kwa wakala usaini, utafute tena mwakani.

Mwenye uzi:
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Wakala amenipa siku 10. Shule ile nimeipigia, wamenipa kipindi Jumatatu, darasa la tatu. Jumatatu walimu hapa huvaa njano, na gauni langu la njano ni moja tu. Nimelifua, liko kwenye kamba.